Paneli Iachwe Huru: Milango ya Makabati, Randa ya Mkono na Mbao za Ukanda wa Ziwa

Makabati mengi yanayouzwa kando ya barabara zetu hapa Kisumu hupasuka milango mapema, na mteja akirudi kulalamika huambiwa kwamba mbao haikuwa nzuri. Mimi ni seremala, kazi yangu kubwa ni milango ya makabati na ya vyumba, na nimefungua milango mingi iliyopasuka ili kuitengeneza upya. Mara nyingi mbao haina hatia. Ufa hupita katikati ya paneli kutoka juu hadi chini, ukifuata mkondo wa nyuzi, na ukiichokoa paneli hiyo kutoka katika fremu yake unakuta gundi imejazwa kingoni pande zote nne na misumari midogo imepigwa juu ya gundi. Ubao ulitaka kunywea kwa milimita mbili au tatu, ukazuiliwa, ukapasuka.

Njia iliyo sahihi ni ya zamani na haina siri. Mlango hutengenezwa kwa fremu ya mbao nne nyembamba zilizoungwa kwa nguvu, na ndani ya fremu hiyo huwekwa paneli pana ambayo haikuungwa na kitu chochote. Kingo za paneli huchongwa hanamu, yaani hushushwa kwa mteremko hadi ziwe nyembamba kiasi cha kuingia katika mfereji uliochimbwa ndani ya fremu, na sehemu ya katikati, ambayo mafundi wengine huiita uwanja, hubaki nene na kuinuka kuzipita pande zake. Naamini, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya, kwamba kwa mbao halisi katika ukanda huu wa ziwa hakuna mlango bora kuliko huo, na kwamba fundi anayetaka kuuelewa autengeneze kwa randa ya mkono hadi mikono yake izoee, hata kama karakana yake ina mashine.

Tuanze na tabia ya mbao yenyewe. Mti uliokatwa leo umejaa maji, na maji hayo yanapoanza kutoka, umbo la ubao halibadiliki. Ni pale unyevu unaposhuka chini ya takribani asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu ndipo nyuzi zinapoanza kunywea. Hazinywei kwa urefu, kwani urefu wa ubao hupungua kidogo mno kutoka ubichi hadi ukavu kamili, kiasi kwamba seremala anaweza kuusahau. Zinanywea kwa upana. Tena ubao uliopasuliwa kwa kufuata duara za mti hupungua takribani mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini, jambo ambalo wauza mbao wachache hulitaja. Kisha, hata baada ya kukauka, ubao hauachi kubadilika maisha yake yote: hewa ikiwa na unyevu unavuta maji na kuvimba, hewa ikikauka unayatoa na kunywea. Paneli yenye upana wa milimita 300 inaweza kuongeza au kupoteza milimita mbili hadi tatu kati ya msimu wa mvua na kiangazi. Vanishi huchelewesha mabadiliko hayo lakini haiyazuii, na gundi ikijaribu kuyazuia, ubao ndio unaoshindwa.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mlangoni, na mvua za masika zinapokolea kati ya Machi na Mei hata droo zilizokuwa zikiteleza vizuri huanza kukwama. Nakuru iko juu zaidi, mita 1,850 hivi, ndani ya Bonde la Ufa, na Januari na Februari hewa yake hukausha mbao upesi. Kabati lililotengenezwa Kisumu mwezi wa Aprili, kisha likahamishwa na mwenyewe kwenda kufanya kazi Nakuru, litakutana na mtihani wake wa kwanza katika kiangazi kinachofuata. Fundi hawezi kujua mteja wake atahamia wapi. Anachoweza ni kutengeneza mlango ambao utastahimili hali zote mbili.

Fremu inaweza kufanya hivyo kwa sababu inatumia urefu wa ubao kuudhibiti upana wake. Miimo miwili ya wima na mbao mbili za kulala zina upana wa milimita 70 hivi kila moja, kwa hiyo kunywea kwake ni kwa sehemu ndogo ya milimita, na kimo cha mlango mzima kinashikiliwa na urefu wa miimo, ambao haubadiliki. Paneli pana, ambayo ndiyo yenye kusumbua, inapewa nafasi ya kupanuka na kunywea ndani ya mifereji bila mtu kuona. Mafundi wa Misri walilijua hili karne nyingi zilizopita: mimbari za misikiti ya kale ya Cairo zimeundwa kwa vipande vidogo vidogo vilivyoshikwa na fremu, katika nchi ambayo hewa yake kavu huipasua mbao pana. Ulaya nayo ilienea mtindo huu kuanzia karne ya 15, na kabla ya hapo masanduku yao ya mbao pana zilizopigiliwa misumari yalipasuka vilevile kama haya ya kwetu.

Kuhusu mbao, nina upendeleo wangu na sitauficha. Mvule ndio mti wa heshima wa magharibi mwa Kenya. Mchwa hauushambulii kwa urahisi, haubadiliki sana kwa unyevu, na rangi yake ya manjano huiva kwa miaka hadi kuwa kahawia nzito inayopendeza kuliko rangi yoyote ya kopo. Bado ipo mivule mikubwa katika maboma ya Busia na Siaya, lakini mbao nyingi za mvule na mahogani zinazofika kwetu huvuka mpaka kutoka Uganda na Kongo. Mgrevilea, mti uliotoka Australia na ambao leo umepandwa mipakani mwa mashamba mengi ya nyanda za juu, ni mbao nzuri isiyothaminiwa inavyostahili. Ukipasuliwa kuelekea kiini huonyesha madoa yanayometameta, na paneli yake moja iliyopigwa randa vizuri inatosha kupamba chumba. Vumbi lake huwawasha ngozi baadhi ya watu, kwa hiyo anayeugusa kwa mara ya kwanza ajichunguze. Saipresi ni laini, nyepesi na ya bei nafuu, na ndiyo ninayompa kijana anayejifunza, ingawa mafundo yake ni magumu kuliko mbao inayoyazunguka na huchosha makali. Mkaratusi siutumii kwa paneli. Unapinda, unapasuka, na sijaona faida inayofidia taabu hiyo.

Tatizo kubwa kwa sasa si aina ya mbao bali ubichi wake. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na hadi Rais William Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku hayo yanaondolewa, wauza mbao wengi walikuwa wamezoea kutegemea miti ya mashambani, mingi ikiwa michanga, inayokatwa Jumatatu na kuuzwa kabla ya Ijumaa. Mazoea hayo hayajaisha. Ukinunua sita kwa moja leo, yaani ubao wa upana wa inchi sita na unene wa inchi moja, uipange nyumbani kwenye kivuli, juu ya vipande vya fito vilivyolingana unene ili hewa ipite chini na juu, uzipake ncha rangi ya mafuta ili zisikauke haraka kuliko katikati, uweke mawe juu ya tita, kisha uvumilie miezi kadhaa.

Asiye na kipimo cha unyevu ana njia nyingine, nayo haigharimu kitu. Kata kipande kidogo cha ubao, mbali na ncha, ukipime kwa mizani ya jikoni. Kiweke katika tanuri la moto mdogo, ukitoe na kukipima kila baada ya muda hadi uzito wake uache kupungua. Tofauti ya uzito gawanya kwa uzito wa mwisho. Kipande kilichokuwa gramu 240 kikaishia gramu 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 20, na ubao huo haujawa tayari kwa samani. Nikipata kumi na mbili au kumi na tatu ninaanza kazi.

Randa zenyewe si lazima ziwe nyingi. Namba tano, yenye urefu wa inchi 14, hufanya kazi ya kushusha na kunyoosha. Namba nne, ya inchi tisa na nusu, hulainisha mwishoni. Randa nyembamba ambayo chuma chake kinafika ukingoni kabisa hutumika kwa hanamu. Na randa ndogo ya kuchimba mfereji, yenye kizuizi cha pembeni kinachoiongoza, hukamilisha. Umbo la randa za chuma tunazozijua leo, pamoja na ile skrubu ya nyuma inayosogeza chuma mbele na nyuma, lilibuniwa na Mmarekani Leonard Bailey, ambaye hataza zake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Ni jambo la kutafakari kwamba chombo hicho hakijahitaji mabadiliko makubwa tangu wakati huo. Katika soko la Kibuye huwa napata randa kuukuu za Uingereza na za India ambazo wauzaji huzichanganya na vyuma vingine. Ninazigeuza, ninatazama kama kuna ufa karibu na mdomo, ninaweka rula juu ya kitako kuona kama kimenyooka, na ninakagua urefu wa chuma uliosalia. Kutu ya juu juu hainitishi, kwa kuwa msasa uliolazwa juu ya kioo kinene huiondoa na kukinyoosha kitako kwa wakati mmoja. Wapo pia mafundi wanaojichongea randa za mti mgumu na kutumia springi ya gari kuwa chuma, na randa hizo hufanya kazi safi kabisa.

Mzee aliyenifundisha alikuwa akisema kwamba ufundi huu ulimfikia kutoka Kaimosi. Marafiki, yaani Quaker kutoka Marekani, walifika huko mwaka 1902, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Vihiga, na misheni yao ilibeba neno la viwanda katika jina lake rasmi, kwa kuwa walikusudia kufundisha kazi za mikono pamoja na dini. Mzee wangu hakuwa Mrafiki, lakini alikuwa na randa moja ya mti ambayo hakumruhusu mtu yeyote kuigusa kabla ya kunawa mikono.

Kunoa ndiko kunakoamua kila kitu, na hapa ndipo vijana wengi huharakisha. Chuma cha randa husagwa kwa pembe ya nyuzi 25 na kunolewa ncha yake kwa nyuzi 30. Unanoa upande wa hanamu juu ya kinoo hadi usikie kwa kidole, upande wa nyuma, ukingo mwembamba wa chuma unaokwaruza kutoka pembe hadi pembe. Ukingo huo usipofika pembe zote mbili hujamaliza. Kisha unakilaza chuma kwa mgongo wake juu ya kinoo laini na kuuondoa, na unamalizia juu ya kipande cha ngozi. Jaribio langu si kunyoa nywele za mkono. Ninachukua kipande cha saipresi, ninakikata upande wa ncha ambako nyuzi zinaelekea juu, na chuma kikipita na kuacha uso unaong'aa bila kubomoa nyuzi, kinafaa. Saipresi ni laini mno, na ulaini huo ndio unaofichua makali duni, kwa sababu nyuzi zake husagika badala ya kukatwa.

Kunyoosha mbao nitakupitisha haraka. Uso mmoja hunyooshwa kwanza, ukipimwa kwa fito mbili zilizonyooka zinazowekwa ncha hii na ncha ile ili kuona kama ubao umejipinda; ukingo mmoja hufuata, ukipimwa kwa skwea dhidi ya uso huo; kisha unene na upana huchorwa kutoka pande hizo mbili na si kutoka popote pengine. Kila alama ya baadaye itategemea uso na ukingo wa kwanza, kwa hiyo ninazitia alama ya penseli ambayo sitaifuta hadi mlango utundikwe.

Fremu ninaitengeneza kwa mbao zilizoshushwa hadi unene wa milimita 22. Mfereji wa milimita saba kwa upana na kumi kwa kina unachimbwa katikati ya ukingo wa ndani wa mbao zote nne, na upana huohuo wa milimita saba, ambao ni theluthi ya unene, ndio unene wa ulimi, yaani ncha iliyopunguzwa ya ubao wa kulala, unaoingia katika tundu la mwimo. Ulimi usipunguzwe kuwa mwembamba kuliko mfereji wala usizidi, ili patasi moja itoshe kwa kazi yote. Upande wa juu wa ulimi ninaacha kisigino kifupi kinachoziba mwisho wa mfereji. Bila hicho, tundu dogo litaonekana juu ya mlango, na mteja mwenye jicho kali ataliuliza. Kwa asiye na klampu ndefu, kigingi kinatosha kuvuta kiungo. Toboa mwimo kupita katika tundu, ingiza ulimi, tia alama ya kitovu cha shimo juu yake, utoe, kisha utoboe ulimi kwa kusogea milimita moja kuelekea kwenye bega lake, yaani pale ulimi unapoanzia. Kigingi cha mti mgumu kikipigwa kupitia mashimo hayo yasiyolingana kitalivuta bega hadi lifunge kabisa, na kitaendelea kulivuta hata gundi itakapozeeka.

Sasa tufike kwenye paneli, ambayo ndiyo furaha ya kazi hii. Ninaishusha hadi milimita 14, ili uwanja wake usipite uso wa fremu. Mstari wa uwanja ninauchora milimita 40 kutoka ukingoni pande zote nne, kwa kisu na si kwa penseli, kwa sababu kisu hukata nyuzi na kuzizuia kuchanika kuelekea ndani. Kwenye unene wa ubao ninachora mstari mwingine, milimita saba kutoka uso wa nyuma, ambao ndio mwisho wa kushuka. Kisha ninabana rula ya mti juu ya mstari wa uwanja na kuipitisha randa nyembamba ikiegemea rula hiyo hadi ishuke milimita mbili, na hapo panapatikana kingazi kidogo kilicho wima ambacho kivuli chake ndicho hufanya paneli ionekane imeinuka.

Baada ya hapo rula huondolewa na randa huinamishwa. Ninaanza na ncha mbili, juu na chini, ambako randa inakata nyuzi kwa kukingama, na ninazimaliza zote kabla ya kugusa pande ndefu. Utaratibu huu hauna mbadala, kwa sababu randa inayokata kwa kukingama, ikifika mwisho wa ubao, hubomoa pembe. Ukianza na ncha, mapengo hayo yatafutika utakapochonga pande ndefu. Ukianza na pande ndefu, mapengo yatabaki. Chuma kiwe kimenolewa upya na kitoe maranda membamba. Upande wa ncha maranda hutoka yakiwa vipande vifupi vinavyovunjika yakishikwa, na mkono unahisi mtetemo mdogo kila randa inapovuka duara ngumu za mti. Ukigeukia upande mrefu sauti inabadilika ghafla. Mtetemo unakoma, na maranda yanapanda kupitia mdomo wa randa yakiwa marefu na yamejikunja, na ukiyainua kuelekea dirishani unaona mwanga kupitia kwake.

Milimita kumi za mwisho za ukingo sizishushi kwa mteremko. Ninaziacha bapa, zenye unene ule ule wa milimita saba kasoro kidogo, kwa sababu mteremko unaoingia moja kwa moja katika mfereji hufanya kazi ya kabari: paneli ikivimba wakati wa mvua hujisukuma ndani zaidi na kuipanua midomo ya mfereji hadi ipasuke. Nimeona fremu nzuri zilizoharibika kwa njia hiyo. Ili kujua kama ukingo umefikia unene sahihi natumia kipande kilichobaki cha fremu chenye mfereji, nikikitelezesha kuzunguka paneli yote. Kinapokwama napunguza, kinapolegea sana naacha. Na kwenye pembe ninatazama ule mstari wa mshazari unaojitokeza wenyewe mahali ambapo hanamu mbili zinakutana. Ukitoka pembe ya uwanja hadi pembe ya paneli ukiwa umenyooka, miteremko miwili ina kina sawa. Ukipinda, upande mmoja umeshuka kuliko mwenzake, na jicho la mtu asiye fundi nalo litahisi kasoro hata kama hatajua kuitaja.

Mvule unahitaji aya yake. Nyuzi zake huelekea upande huu katika tabaka moja na upande wa pili katika tabaka linalofuata, kwa hiyo popote unapoielekeza randa utakuwa ukienda kinyume cha baadhi yake, na zitang'oka badala ya kukatwa. Zaidi ya hayo, ndani ya baadhi ya mivule mna vijiwe vya chokaa, vyeupe na vigumu, ambavyo huyavunja makali mara moja. Ukiona doa jeupe litoe kwa patasi kuukuu kabla ya kupitisha randa. Kwa nyuzi zinazong'oka, kisogeze kile chuma cha juu kinacholalia makali hadi kibakishe sehemu ya tano ya milimita tu, punguza uwazi wa mdomo, chukua maranda membamba kabisa, na uielekeze randa kwa mshazari. Sehemu zitakazobaki na ukakasi malizia kwa kipande cha bamba la msumeno wa zamani kilichonyooshwa ukingo na kugeuzwa ncha. Kikiwekwa vizuri hutoa vinyuzi vyembamba vya mbao wala si vumbi. Msasa ninauacha mwisho kabisa, na kwenye kingazi siuweki kamwe, kwa sababu unaviringisha pembe ambayo nimetumia saa nzima kuifanya iwe kali.

Mama mmoja alikuja kuangalia kabati lake la vyombo wakati milango ilikuwa imeunganishwa kwa majaribio tu. Akautikisa mlango, paneli ikagonga ndani ya fremu.

"Fundi, mbona hii inacheza? Si uipige gundi?"

"Mama, nikiipiga gundi itapasuka. Ngoja nikuonyeshe itakavyotulia."

Nikamwonyesha tundu dogo katikati ya ubao wa juu wa kulala na jingine katikati ya ule wa chini, ambamo kijiti chembamba hupenya fremu na kuishika paneli mahali pawili tu, kwenye mstari wa katikati. Paneli iliyoshikwa hivyo haigongi wala haihami upande mmoja, bali inapanuka na kunywea kwa usawa kushoto na kulia. Alisikiliza, akauliza kama kijiti hicho hakitazuia ubao vilevile, swali ambalo lilinifurahisha kwa kuwa lilionyesha ameelewa. Nikamjibu kwamba nukta moja haiwezi kuuzuia upana. Wateja wetu wana uwezo wa kuyafahamu haya kuliko tunavyodhani, na nadhani tungeyaeleza mara nyingi zaidi, wangeacha kudai paneli iliyokabwa.

Nafasi inayoachwa ndani ya mfereji hutegemea mwezi. Wakati wa masika paneli imevimba karibu na upana wake mkubwa, kwa hiyo ninaiacha ikaribie chini ya mfereji, milimita moja au moja na nusu kila upande. Februari imenywea, na hapo ninaacha milimita tatu. Kwa urefu milimita moja inatosha msimu wowote.

Najua wenye rauta, ile mashine ya umeme ya kuchonga kingo na mifereji, watasema kwamba bisu moja la paneli humaliza hanamu zote nne kabla mimi sijamaliza kunoa. Ni kweli, na kwa jiko lenye milango ishirini sitamshauri mtu ajiumize bure. Mimi mwenyewe ninapeleka mbao zikapitishwe kwenye mashine ya kushusha unene, kwa kuwa kazi hiyo ya nguvu haina la kufundisha baada ya kuizoea. Lakini hanamu ninazichonga kwa mkono hata kwenye kazi kubwa. Bisu la mashine likilegea makali huunguza ncha za nyuzi, hasa katika mvule, na huacha mawimbi madogo ambayo vanishi huyafichua mara tu mwanga unapoingia kwa pembeni. Kuyaondoa kunahitaji msasa mwingi, na msasa mwingi hufuta kingazi. Randa iliyonolewa inaacha uso uliokatwa safi, unaorudisha mwanga kwa namna moja katika mteremko mzima. Isitoshe, mkono unaoisukuma randa huhisi mahali nyuzi zinapogeuka, na hapo ndipo fundi anapojifunza upande gani wa ubao uwe juu, upande gani uelekee nje na ubao upi usifae kabisa. Ujuzi huo ndio utakaomwongoza hata siku atakayotumia mashine.

Paneli ipakwe mafuta au vanishi kabla ya kuingizwa katika fremu, mbele na nyuma kwa kiasi kilekile, pamoja na ukingo wote utakaojificha ndani ya mfereji. Ikipakwa baada ya kuunganishwa, kiangazi kitakapoivuta ndani utaona mstari mweupe wa mbao isiyopakwa ukijitokeza pembeni mwa fremu, na ikipakwa upande wa mbele peke yake, nyuma itavuta unyevu haraka zaidi na paneli itapinda. Wakati wa kuunganisha, gundi huwekwa kidogo ndani ya matundu na juu ya ndimi, mbali na mfereji, kwa sababu tone moja linalotiririka hadi kwenye pembe ya paneli linatosha kuifunga. Ninapima mishazari miwili ya mlango kwa kijiti, na ikilingana naufunga na kupiga vigingi. Kesho yake, gundi ikiwa imekauka, ninasawazisha viungo kwa namba nne, nikiielekeza randa kutoka kwenye ubao wa kulala kuingia katika mwimo, kisha ninautundika mlango kwa bawaba zake. Kati yake na mwili wa kabati ninaacha milimita moja na nusu kila upande kama ni Aprili na kidogo zaidi kama ni Februari, na kufuli siifungi hadi kabati likae majuma kadhaa katika nyumba litakamotumika.